Mshipa wa shingo ukibana: mwongozo wa fundi nguo aliyetiwa kiraka

Jicho la kushoto ndilo lililoanza. Nilikuwa nimeinama juu ya cherehani natunga uzi kwenye sindano, mara kitu kama pazia la kijivu kikashuka kutoka juu kikafunika jicho lote. Nikafumba, nikafumbua, nikajifuta kwa pindo la shati. Baada ya dakika tano hivi pazia likapanda lilikotoka, sindano nikaiona kama kawaida. Nikasema ni uchovu. Jioni nilipita duka la dawa nikanunua matone ya macho, nikaenda zangu kulala.

Siku ya 6 mkasi ukanidondoka. Sikuuachia. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa kama vya mtu mwingine. Nilipotaka kumwambia binti yangu aniokotee, kinywani yakatoka maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. "Baba, unasema nini?" Dakika kumi, yakaisha yote. Nikamwambia nimepona, turudi kwenye kazi za watu. Yeye hakunijibu. Alifunga mlango, akatoka kutafuta gari.

Mimi ni fundi nguo, nina miaka 63, na udaktari sikusomea. Mshipa wangu wa shingo upande wa kushoto ulikutwa umebana kwa asilimia 80, nikapewa dawa, nikapasuliwa, na leo nashona. Haya ni yale niliyoelezwa na madaktari wangu, niliyowauliza mpaka wakanichoka, na niliyojifunza kwa kukosea. Yasichukue nafasi ya daktari wako. Ila kuna jambo moja ningependa ulishike kabla hujaendelea kusoma: dalili ikija na kuondoka yenyewe, hujapona. Umepewa tarehe, na tarehe hiyo iko karibu sana.

Kinachotokea shingoni

Weka vidole viwili kando ya koo, chini kidogo ya taya. Mdundo unaousikia ni wa ateri ya karotidi. Zipo mbili, kulia na kushoto, na ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu ya ubongo. Mbili nyingine ndogo hupita nyuma, ndani ya mifupa ya shingo. (Bonyeza upande mmoja tu, polepole, na usisugue. Jina karotidi limetokana na neno la Kigiriki linalohusu usingizi mzito, kwa sababu watu wa kale walijua kwamba ukizikaba zote mbili mtu hupoteza fahamu.)

Kila ateri ikifika usawa wa kongomeo hugawanyika panda. Tawi moja huenda usoni na kwenye ngozi ya kichwa, jingine huingia ndani kulisha ubongo na jicho. Nguo huliwa kwanza kwenye kiwiko na kwenye goti, pale panapokunjwa. Mshipa nao ni hivyo hivyo. Kwenye ile panda damu haitiririki moja kwa moja, huzungukazunguka, na ukuta wa hapo ndio unaochakaa. Lehemu (kolesteroli) hujipenyeza ndani ya ukuta, chembe za mwili zinazokuja kusafisha hukwama humo humo, chokaa huongezeka, na miaka inavyokwenda unapata ukoko unaopunguza upenyo.

Mimi nilidhani kiharusi huja pale ukoko unapoziba njia yote. Hutokea. Lakini mara nyingi zaidi ukoko hupasuka juu, damu huganda kwenye ule mpasuko, kisha kipande hukatika na kusombwa kwenda juu. Kikiingia kwenye mshipa wa jicho, unaona pazia. Kikiingia kwenye ubongo, mkasi unadondoka. Kikiwa kidogo huyeyuka, na ndiyo maana dakika kumi baadaye nilikuwa nacheka. Ule ukoko uliopasuka, hata hivyo, ulikuwa bado upo pale pale, mbichi, unasubiri kutoa kipande kingine.

Jicho huathirika upande ule ule wa mshipa mbovu. Mkono na mguu huathirika upande wa pili, maana ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mwili wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaoendesha usemi pia. Jicho la kushoto, mkono wa kulia, maneno kupinda: daktari aliyenipokea alisikiliza hayo matatu, na kabla ya kipimo chochote akasema, "Mzee, tuanze na shingo ya kushoto."

Vinavyochakaza mshipa unavijua: presha, sigara, kisukari, lehemu nyingi kwenye damu, na umri ambao hauna dawa. Mimi nilivuta sigara miaka 30, na vidonge vya presha nilivimeza siku kichwa kinapouma tu. Presha haiumi. Hilo nalo nililijua nikiwa wodini.

Dalili ikitokea

Dalili za mshipa huu huja ghafla kama taa iliyozimwa. Jicho moja kuingia giza. Uso kushuka upande mmoja. Mkono au mguu wa upande mmoja kulegea au kufa ganzi. Maneno kupinda, kukosa neno unalolijua, au kusikia watu wanaongea usielewe. Kizunguzungu peke yake, au kuzimia na kuzinduka, ni nadra kutokana na karotidi. Vina sababu zake na vinahitaji daktari, ila usivikimbilie ukiwa umeshaamua kwamba ni shingo.

Kitu cha kwanza, tazama saa. Jua saa ngapi mara ya mwisho mgonjwa alikuwa mzima, kwa sababu hilo ndilo swali utakaloulizwa kabla ya jina lake.

Kama dalili bado ipo, nenda sasa hivi kwenye hospitali yenye kipimo cha CT, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili ianze. Kwa baadhi ya wagonjwa, bonge la damu linaweza kuvutwa kwa waya mwembamba hata ndani ya saa 24, lakini kila dakika inayopita ubongo unapotea. Usimpe mgonjwa chakula wala maji, kumeza kunaweza kuwa kumeharibika na akapaliwa. Usimpe aspirini nyumbani. Kipo kiharusi cha mshipa uliopasuka, na kwa kumtazama tu mtu huwezi kukitofautisha na hiki cha kuziba.

Kama dalili imepita, nenda siku hiyo hiyo. Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo ninapoona wenzangu wengi wakikosea. Kiharusi kikubwa kinachofuata baada ya kile cha kupita hupenda kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na hatari inabaki juu wiki mbili za kwanza. Mimi nilikaa siku 6 natia matone kwenye jicho lisilo na ugonjwa.

Na ukifika mapokezi, chunga unavyosema. Nilipoulizwa nina shida gani, nilijibu "najisikia uchovu kidogo", nikaelekezwa kwenye benchi refu. Binti yangu akanikatiza: "Dada, leo saa 4 asubuhi mkono wa kulia wa baba ulipoteza nguvu kwa dakika kumi na akashindwa kuongea. Siku 6 zilizopita jicho la kushoto liliingia giza." Benchi sikulikalia tena. Taja upande, taja muda, taja kilichoshindwa kufanya kazi. Maneno kama "vibaya" na "uchovu" yaache nyumbani.

Kipimo, na maana ya asilimia

Waliniwekea mashine ya umeme wa moyo, kwa sababu bonge la damu linaweza pia kutoka kwenye moyo unaodunda bila mpangilio, na tiba yake ni tofauti kabisa. Wakapima sukari, lehemu, figo. Kichwa kilipigwa picha. Kisha ikaja altrasaundi ya mishipa ya shingo.

Haina maandalizi. Vaa shati lenye kola inayofunguka. Unalala chali, shingo inageuzwa, unapakwa jeli ya baridi, na kifaa kidogo kinatembezwa kuanzia juu ya mtulinga hadi chini ya taya. Hakiumi. Utasikia mashine ikivuma kwa kila pigo la moyo. Mshipa ukiwa umebana, damu hupita pale kwa kasi, kama maji yanavyoruka ukiminya mpira wa bustani. Mashine hupima hiyo kasi na kuitafsiri kuwa asilimia. Kwa kawaida kasi ya sentimita 125 kwa sekunde au zaidi huashiria mbano wa kuanzia asilimia 50, na zaidi ya 230 huashiria asilimia 70 na kuendelea. Yangu ilisoma 310.

Daktari wa kwanza alikuwa ameweka stetoskopu shingoni akasikia mvumo. Usitegemee hilo. Mvumo unaweza kuwepo mshipa ukiwa hauna shida kubwa, na mshipa uliobana vibaya unaweza kunyamaza kimya.

Omba majibu kwa maandishi: upande gani, asilimia ngapi, kasi ngapi, na ukoko ukoje, laini au mgumu, umechimbika au uko sawa. Halafu uliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza: mmepima kutoka wapi? Kiuno cha mtu mmoja mafundi wawili wanaweza kukipata tofauti, mmoja kapima juu ya kitovu, mwenziwe chini. Mshipa nao una njia mbili maarufu za kupima. Moja hulinganisha sehemu iliyobana na sehemu isiyo na ugonjwa iliyo mbele yake; nyingine huilinganisha na upana uliokadiriwa kuwa ungekuwepo pale pale. Asilimia 50 kwa njia ya kwanza huweza kusomeka kama 70 kwa ya pili. Namba zote nitakazokutajia ni za njia ya kwanza, ambayo ndiyo inayotumika zaidi.

Jambo jingine, asilimia hizi ni za upana wa tundu, si za eneo lake. Tundu likipungua upana kwa nusu, eneo la kupitisha damu limepungua kwa robo tatu. Kwenye asilimia 80, mshipa uliokuwa na upana wa milimita 5 unabaki na milimita 1. Nilichukua sindano ya mashine nikaitazama sana siku hiyo.

Kabla ya kuamua upasuaji, altrasaundi huthibitishwa kwa kipimo cha pili, CT au MRI ya mishipa. Kama una tatizo la figo au uliwahi kupata mzio wa dawa ya rangi inayochomwa wakati wa picha, sema mapema.

Nani anahitaji nini

Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada. Watu wote walikuwa wameshapata dalili, na mshipa wa upande wa dalili ulikuwa umebana asilimia 70 hadi 99. Waliopewa dawa peke yake, 26 katika kila 100 walipata kiharusi cha upande ule ndani ya miaka miwili. Waliopasuliwa pamoja na dawa, 9. Kwa tiba ya kuzuia jambo ambalo halijatokea, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Waliobana asilimia 50 hadi 69 walinufaika, lakini kidogo: matokeo ya 1998 yalionyesha takriban 22 dhidi ya 16 katika 100 kwa miaka mitano. Hapo umri, jinsia, magonjwa mengine na ustadi wa timu huamua. Chini ya asilimia 50, upasuaji haukusaidia; dawa zinatosha. Na mshipa ulioziba kabisa kwa kawaida haufunguliwi, kwani hatari ya kuuchokonoa inazidi faida, na ubongo mara nyingi umeshapata njia nyingine za damu.

Habari ya wasio na dalili ni tofauti, na hapa nina maoni makali. Jirani yangu, aliposikia yangu, alikwenda kupimwa shingo bila kuwa na dalili hata moja, akarudi na karatasi ya asilimia 60 na uso wa mtu aliyehukumiwa. Utafiti wa 1995 kwa watu kama yeye ulionyesha kiharusi 11 katika 100 kwa miaka mitano kwa waliotumia dawa, na 5 kwa waliopasuliwa. Lakini dawa za wakati ule si za leo. Kwa dawa za sasa, madaktari wengi hukadiria hatari ya mtu kama huyo kuwa karibu 1 katika 100 kwa mwaka, na kisu chenyewe kina hatari yake. Wengine bado hushauriwa kufanyiwa utaratibu, hasa mbano ukiwa mkubwa, ukoko ukiwa wa aina mbaya au ukiendelea kukua, na mtu akiwa na miaka mingi mbele yake. Hiyo ni mada ya kukaa na daktari bila haraka. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilirudia mwaka 2021 kwamba watu wazima wasio na dalili wasipimwe shingo kwa ujumla, maana madhara ya kupatikana kimakosa na kupasuliwa bure yanazidi faida. Jirani alipewa dawa na tarehe ya kurudi. Hivyo ndivyo ilivyopasa.

Dawa ni za wote

Upasuaji husafisha inchi chache za mshipa mmoja. Dawa hufanya kazi kwenye mishipa yote, pamoja na ile ya moyo, ambayo kwa mtu mwenye ukoko shingoni mara nyingi nayo si salama. Kwa hiyo anayepasuliwa na asiyepasuliwa wote humeza.

Ya kuzuia damu kuganda: aspirini, au klopidogreli, na kwa wiki kama tatu baada ya kiharusi cha kupita daktari anaweza kuzitoa zote mbili kwa pamoja. Baada ya hapo hubaki moja, kwa sababu mbili kwa muda mrefu huleta kutokwa damu tumboni. Ya lehemu: statini kwa dozi ya juu, kama atovastatini miligramu 40 hadi 80. Lengo nililopewa ni lehemu mbaya ishuke chini ya miligramu 70 kwa desilita, sawa na milimoli 1.8 kwa lita kwenye maabara zinazotumia kipimo hicho. Statini hufanya kitu zaidi ya kupunguza namba: huimarisha uso wa ukoko usipasuke. Misuli ikianza kuuma, rudi ubadilishiwe, usiache kimyakimya.

Presha lengo la kawaida ni chini ya 130 kwa 80, ila mwenye mbano mkali pande zote mbili asiishushe kwa pupa, ubongo unaweza kukosa msukumo wa damu. Jipime asubuhi na jioni, uandike.

Sigara niliacha siku ya mkasi. Sina ujanja wa kukufundisha. Niliambiwa kwamba nikiendelea, kiraka kitaota ukoko mpya, nikafikiria kurudia kazi niliyokwisha kuilipia kwa shingo yangu mwenyewe. Wengine husaidiwa na dawa za kubandika au za kumeza. Ziulizie, hakuna aibu.

Kisu au stenti

Njia ya zamani ni kufungua mshipa, kuung'oa ukoko na kuushona. Upasuaji wa mshipa huu uliowaamsha madaktari duniani ulifanyika mwaka 1954 katika hospitali ya St Mary's, London, ukatangazwa na madaktari Eastcott, Pickering na Rob, kwa mwanamke aliyekuwa na dalili za kuja na kuondoka kama zangu. Walimpoza mwili kwanza ili ubongo uvumilie, kisha wao wakaikata sehemu mbovu yote na kuunganisha ncha.

Njia ya pili ni stenti: katheta, yaani mrija mwembamba, huingizwa kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, hufikishwa shingoni, ukoko husukumwa pembeni na kibomba cha wavu wa waya, ndiyo stenti yenyewe, hubaki humo kikishikilia njia. Ipo pia namna ya kuingiza stenti kwa tundu dogo chini ya shingo huku damu ikigeuzwa irudi nyuma, ili vipande visiende ubongoni.

Utafiti wa 2010 uliozilinganisha ulionyesha stenti huleta kiharusi zaidi siku za mwanzo, 4.1 dhidi ya 2.3 katika 100, na upasuaji huleta mshtuko wa moyo zaidi, 2.3 dhidi ya 1.1. Waliozidi miaka 70 hivi walifanya vizuri zaidi kwa kisu. Stenti hupendelewa kwa mwenye shingo iliyowahi kupigwa mionzi au kupasuliwa, au moyo usioweza kuhimili upasuaji.

Lakini swali kubwa ni la anayeshika kisu. Mteja akileta kitambaa cha ghali haulizi fundi ana cherehani gani, anauliza ameshona suti ngapi. Muulize daktari: wewe na timu yako mmefanya hizi ngapi mwaka uliopita, na wangapi walipata kiharusi au kufariki? Miongozo inataka isizidi 6 katika 100 kwa wenye dalili, na 3 kwa wasio na dalili. Daktari wangu hakukasirika. Alinitajia namba zake kama mtu anayetaja umri wake. Akikasirika, nawe umepata jibu.

Na uliza siku. Kwa mwenye dalili, faida kubwa hupatikana ndani ya wiki mbili tangu dalili. Ukichelewa faida hupungua wiki hadi wiki, kwa sababu kiharusi ambacho ungekizuia kimeshakuja. Karani alinipa miadi ya mwezi uliofuata. Nilirudi kwa daktari na ile karatasi, nikamuuliza kwa upole kama tarehe ile iko ndani ya siku 14. Nilipasuliwa siku ya 11 tangu pazia, ya 5 tangu mkasi.

Siku yenyewe

Aspirini na statini usiziache bila kuambiwa. Wengi huingia chumba cha upasuaji wakiwa wanazimeza. Dawa za kisukari na za kulainisha damu zina mpango wake, uliza kila moja kwa jina.

Kuna nusukaputi na kuna ganzi ya shingo. Utafiti ulizilinganisha, matokeo hayakutofautiana, kwa hiyo chagua na daktari wa usingizi. Mimi nilichagua ganzi. Nilifunikwa kitambaa, nikapewa kwenye mkono wa kulia kidude cha mpira kinacholia ukikiminya. Mkono wa kulia, kwa sababu mshipa ni wa kushoto. Walipoubana mshipa kwa vibano, damu ya upande ule ikasimama, na kazi yangu ikawa kuminya kila nikiambiwa na kuhesabu vifungo vya shati la kufikirika. Kidude kikinyamaza, wangenitia kibomba cha kupitisha damu pembeni mwa kazi yao. Kililia mpaka mwisho.

Walichana shingo kwa mbele ya ule msuli mnene unaoshuka kutoka nyuma ya sikio, wakaupasua mshipa kwa urefu, wakaubandua ukoko. Baadaye nilionyeshwa: kipande cha manjano, kigumu, chenye umbo la ile panda, kimoja kizima. Kisha kiraka. Mshipa ukishonwa mdomo kwa mdomo hupungua upana, kama suruali iliyoliwa na mshono, hivyo hupachikwa kiraka ili ubaki mpana. Kipo cha ngozi ya moyo wa ng'ombe, kipo cha mshipa wa mguu wako mwenyewe, na kipo cha poliesta. Changu ni poliesta. Miaka 38 nimeishona, ikafika zamu yake kunishona mimi.

Baada ya hapo

Usiku wa kwanza ni wa presha. Ikipanda sana, mshono unaweza kuvuja na ubongo uliozoea damu kidogo unaweza kuzidiwa. Ikishuka sana, ubongo unakosa. Ndiyo maana waliniamsha kila mara. Niliruhusiwa siku ya pili.

Nyumbani, mambo haya yakitokea rudi hospitali bila kungoja asubuhi: shingo kuvimba haraka au kupumua kwa shida, kichwa kuuma sana upande uliopasuliwa, hasa presha ikiwa juu, hata kama wiki mbili au tatu zimepita, degedege, au dalili yoyote ya kiharusi. Kwa stenti, ongeza kidonda cha kinena kinachovimba au kuvuja, na usikose hata siku moja dawa zako mbili za kuzuia damu kuganda, angalau wiki nne za mwanzo.

Yapo yanayotisha lakini mara nyingi huisha. Neva za ulimi, sauti na mdomo wa chini hupita pale pale penye kazi, na zikivutwa huzubaa. Sauti yangu ilikuwa ya kukwaruza wiki tano, na kona ya mdomo ilikataa kucheka vizuri. Vikarudi. Ngozi ya chini ya taya bado haina hisia, kwa hiyo nanyoa ndevu nikiwa natazama kioo, si kwa kupapasa kama zamani. Usibebe vizito wiki za mwanzo, na usiendeshe gari mpaka uweze kugeuza shingo bila maumivu na daktari aseme sawa.

Altrasaundi nilirudia baada ya mwezi, kisha miezi sita, sasa mara moja kwa mwaka. Kiraka kiko wazi. Upande wa kulia, ambao haujawahi kunisumbua, umebana asilimia 40, sawa na mwaka jana. Hakuna wa kuugusa. Tarehe ya kipimo kijacho nimeiandika kwa chaki ukutani, kwenye orodha ya wateja wanaokuja kuchukua nguo, na binti yangu ameipigia mstari mara mbili.